Kibali Hakitundikwi Ukutani: Mwongozo wa Kupokea Fadhila ya Mungu kwa Miguu, Kutoka Pumwani Hadi Dandora

Kila mwenye kibanda Eastlands anajua kibali ni nini. Ni karatasi ya Kaunti ya Nairobi inayokaa ukutani, juu ya kreti za soda, mahali ambapo askari wa kanjo ataiona kabla hajaanza kuzitazama nyanya zako kwa jicho la aina nyingine. Ina jina lako. Ina tarehe ya mwisho. Mwaka ukigeuka, unalipa tena.

Sasa Jumapili inafika. Mchungaji anasema fulani amepata kibali mbele za Mungu, watu wanaitikia "Amina!", na kwa kuwa wiki nzima tumeishi na ile karatasi, tunafikiri ni kitu cha aina hiyo hiyo: kimelipiwa, kina jina la mtu mmoja, na kinatundikwa ili wapitao wakione. Hapo ndipo tunapopotea. Kibali cha Mungu hakina risiti. Anayekipata hukipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, kisha akakiacha kipite kimfikie mwingine.

Kujifunza hilo hakuhitaji chuo cha Biblia. Walioipa mitaa yetu majina walituachia mahubiri kando ya barabara: Shauri Moyo, Bahati, Maringo, Jerusalem, Jericho, Makadara, Huruma. Makanga huyapaza kutwa nzima akigonga bati, nasi tunalipa, tunashuka, tunaenda zetu. Mwongozo huu unakuomba uyasikie upya. Hakuna matatu inayopita vituo hivi vyote kwa mpangilio huu, kwa hiyo tutatembea.

Vya kubeba: viatu visivyobana, chupa ya maji, na mikono mitupu. Cheti cha ubatizo, orodha ya sadaka ulizotoa na ile picha uliyopigwa ukiwa na askofu, viache nyumbani. Ni vitu vizuri, ila mikono ikijaa haipokei.

Hatua ya kwanza: Anzia Pumwani, ukiwa huna kitu

Hospitali ya Kujifungulia ya Pumwani ilianzishwa mwaka 1926 na Lady Grigg, mke wa gavana wa kikoloni Edward Grigg. Kwa karibu karne nzima, wana Nairobi wa kila kabila na kila dini wamelia kilio chao cha kwanza humo. Simama langoni uwatazame wanaotoka. Yule aliyefunikwa shuka hajalipa chochote. Hajafunga kula, hajatoa fungu la kumi, hajakaa kwenye kamati yoyote ya ujenzi. Amefika uchi na makelele, akakuta blanketi lililonunuliwa na mtu mwingine, maziwa yaliyokuwa tayari, na jina ambalo shosho yake alikuwa amemwekea.

Neema huanza hivyo. Mtu akikuambia kwamba amejitengeneza mwenyewe, mwulize kwa upole nani alimkata kitovu.

Wala usidhani fadhila ya Mungu huja na chumba cha faragha. Malaika alimwambia Mariamu wa Nazareti kwamba amepata neema, na kabla mwaka haujaisha alikuwa akimlaza mwanawe kwenye hori la ng'ombe kwa kukosa nafasi nyumba ya wageni. Angalia alivyoipokea habari ile. Aliuliza swali moja, akakubali, na baadaye akaimba. Uliza, kubali, imba: shika maneno hayo matatu, tutayahitaji kabla hatujafika mwisho wa safari.

Zoezi: Kesho asubuhi, kabla hujashika simu, taja vitu vitatu ulivyonavyo ambavyo hukuvilipia. Ukikwama kwenye cha pili, vuta pumzi. Hicho ni kimoja.

Hatua ya pili: Fika Shauri Moyo, uache kupatana bei

Kutoka Pumwani hadi Shauri Moyo si mbali, lakini unapita karibu na Gikomba, na Gikomba ina tabia ya kukufuata. Pale bei ni mwanzo wa mazungumzo. Muuzaji anasema mia tano, wewe unasema mia mbili, unageuka kama unayeondoka, anakuita "kastoma wangu", mnakutana mia tatu na hamsini na wote mnaridhika. Sokoni huo ni ustadi. Kwenye maombi ni ugonjwa.

Tujisikilize tunavyoomba. "Bwana, ukinipa hiyo kazi, mshahara wote wa kwanza ni wako." "Bwana, nimefunga siku tatu, sasa na wewe fanya jambo." Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hata mbegu ya kupanda kwa nabii hutumwa kwa simu, na wapo wanaongoja jibu la mbinguni kama wanavyongoja ule ujumbe wa kuthibitisha malipo. Mungu hana bei ya asubuhi wala bei ya jioni. Toa, tena toa kwa furaha. Lakini toa kwa sababu umepewa, usitoe ili upewe. Tofauti ya hayo mawili hakuna mwekahazina wa kanisa awezaye kuiona kwenye daftari lake. Ni shauri la moyo, na ndiyo maana tumeleta somo hili mtaa huu.

Gikomba ina somo lingine. Bale la mitumba likifunguliwa, nguo nzuri kabisa huchaguliwa kwanza; wenyewe huziita kamera. Zinazobaki mwisho, zilizopauka na kukosa vifungo, huitwa fagia. Wengi wetu tunaamini kwamba Mungu naye hupita asubuhi na mapema kuchagua kamera. Hebu isome tena orodha yake. Samweli alipokwenda kuwatazama wana wa Yese, Daudi hakuitwa hata nyumbani. Aliachwa malishoni na kondoo. Musa alikuwa mzito wa kusema na alikuwa ameua mtu. Ruthu alikuwa mjane, tena mgeni, akiokota masuke yaliyoachwa na wavunaji. Hilo ni rundo la fagia, na kutoka humo Mungu alishona historia ya wokovu. Basi kama amekuchukua wewe, ndugu yangu, usimdharau aliyebaki chini ya meza. Mmetoka bale moja.

Hatua ya tatu: Ukifika Bahati, tafuta anwani

Bahati ni mtaa wa heshima na wa siku nyingi. Neno lenyewe ndilo linalohitaji kutazamwa vizuri. Kila jioni, pembeni ya vibanda vya chipsi, vijana wameinamia simu wakingoja bao la dakika ya tisini la timu ya Ulaya liwalipie kodi. Akishinda mmoja, atasema ni bahati. Akipona malaria, atasema ni bahati. Mvua ikinyesha akiwa ameshaingia ndani, hiyo pia bahati.

Shida ya bahati ni kwamba haina anwani. Ikikupata unaruka, unapiga kelele, lakini huna pa kupeleka asante. Neema ina mtoaji, na anayeitambua huanza kumtafuta. Luka anasimulia habari za wakoma kumi waliotakaswa wakiwa njiani. Tisa waliendelea na safari. Mmoja alirudi, akaanguka miguuni pa Yesu, naye alikuwa Msamaria, mtu ambaye hakuna aliyetarajia adabu kutoka kwake. Wote kumi walipata ngozi mpya. Yule mmoja alipata ngozi mpya na Mtu wa kumshukuru.

Ukiwa hapo, tazama kibao cha kanisa la PCEA: Bahati Martyrs. Bahati na mashahidi wa imani, ubao mmoja. Aliyefundishwa kwamba kupata kibali ni mambo kwenda sawasawa, asimame mbele ya kibao hicho kwa dakika tano. Kuna watu waliopendwa na Mungu hadi mwisho, na mwisho wao haukuwa mwepesi.

Zoezi: Mpigie simu mtu mmoja aliyekutendea wema zamani: mwalimu wa darasa la nne, au jirani aliyekulipia kodi mwezi ule. Mshukuru, umtajie alichofanya, kisha ukate simu bila kumwomba kitu. Atadhani unataka kukopa. Mvumilie, hajazoea.

Hatua ya nne: Pita Maringo bila kupunga mkono

Mtaa wa Maringo hauna kosa. Watu wake ni majirani wema. Ila jina lake likipanda madhabahuni pamoja nasi, ibada hugeuka.

Tunaijua picha. Ndugu anapewa kipaza sauti atoe ushuhuda. "Bwana asifiwe!" Amina. "Mungu ni mwema!" Kila wakati. Dakika ya pili Mungu ameshaachwa mlangoni, na waliobaki ndani ni gari lenye namba ya KD, rangi ya gari hilo, benki iliyomkatalia, benki iliyomkubalia, na jamaa waliomcheka zamani ambao siku hizi wanamwomba lifti. Mzee wa kanisa anatazama saa. Mama aliyekaa safu ya nyuma, ambaye mwanawe hajapata kazi mwaka wa tatu sasa, anainamisha kichwa kwa sababu nyingine kabisa.

Kipimo chake ni rahisi. Kabla hujausema ushuhuda kanisani, useme nyumbani ukijirekodi kwa simu. Sikiliza vitenzi. Kama karibu kila kimoja kinaanza na "nime" na Mungu ametajwa kwenye salamu tu, hiyo ni barua ya kuomba kazi. Anza upya. Anza mahali ulipokuwa umeshindwa. Mtaje aliyekuinua. Kisha mkumbuke yule mama wa safu ya nyuma, useme neno ambalo naye anaweza kulibeba hadi nyumbani.

Tuna waliotutangulia katika hili, tena wa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala, wakaomba pamoja na kusoma Neno. Uamsho uliofuata uliwaka Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, na mwishoni mwa miaka ya 1930 ukaingia Kenya. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ulivuka mipaka bila pasipoti. Ushuhuda wao haukuanza na walichopata. Ulianza na walichokuwa wameiba, waliyemdanganya, waliyemchukia. Na wengi walirudisha vitu kwa wenyewe, mchana, watu wakiona. Waliita hilo kuvunjika, na kutembea nuruni. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia bunduki za serikali, na wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Hawakuwa na namba ya gari ya kutaja. Bado tunawataja wao.

Hatua ya tano: Shuka kutoka Jerusalem kwenda Jericho

Katika Nchi Takatifu, barabara kati ya miji hiyo miwili inateremka zaidi ya mita 1,000. Huku kwetu unatembea kidogo tu kwenye tambarare, ukipita watoto wanaocheza mpira na nguo zilizoanikwa. Lakini somo ni lile lile: ni njia ya kushuka. Na njiani unakutana na watu wawili.

Wa kwanza ni Zakayo. Jina hili limekuwa na shughuli nyingi Kenya. Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Muswada wa Fedha, walilipaza barabarani wakimtaka Rais William Ruto, waliyempa lakabu hiyo kwa ajili ya ushuru, ashuke. Mabango yakachakaa, ila kisa chenyewe bado hatujakimaliza, kwa sababu Zakayo wa Yeriko ni kila mmoja wetu aliyewahi kutafuta pa juu pa kusimama ili aonekane mrefu.

Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tajiri, na mfupi. Akapanda mkuyu. Yesu alipofika hapo alisimama, akatazama juu, akamwita kwa jina, akamwambia ashuke upesi kwa kuwa siku hiyo atakuwa mgeni wake. Angalia mpangilio wa mambo. Mwaliko ulikuja kabla Zakayo hajarudisha hata sarafu moja. Hakurudisha ili atembelewe; alitembelewa, ndipo mikono yake ikafunguka, akaahidi nusu ya mali kwa maskini na kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Waswahili husema aliye juu mngoje chini, na mara nyingi tunausema kwa kinyongo, tukisubiri mtu aanguke. Yesu alimngoja wa juu pale chini ili wale pamoja. Hiyo ndiyo maana nzuri kabisa ya methali hii, na inafaa tuanze kuitumia.

Kurudisha kunawezekana hata leo, na si kwa mtu mmoja mmoja tu. Novemba 2024, Rais William Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, huku huku Eastlands, akatoa shilingi milioni 2.6, zikiwemo milioni 2 za nyumba ya mapadri. Siku iliyofuata, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa. Yapo mengi ya kujadiliwa kuhusu siasa na madhabahu. Mimi nachukua moja: parokia iliyopungukiwa na milioni 2.6 haikupungukiwa na kibali. Fadhila ya wakubwa ikiondoka, ile ya Mungu inabaki pale pale ilipokuwa Jumamosi jioni.

Wa pili ni yule aliyeshambuliwa na wanyang'anyi akiwa njiani kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Tukisimuliwa habari yake, sote tunajipa nafasi ya Msamaria: mwenye punda, mwenye mafuta na divai, mwenye pesa za kulipia nyumba ya wageni. Jaribu leo kulala chini. Kuwa wewe uliyepigwa, na anayekuinua ni mtu uliyefundishwa kumdharau. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalipoingia mitaa yetu, wapo walioishi hadi leo kwa sababu jirani wa kabila "lile lingine" aliwafungulia mlango usiku. Wanaujua unyenyekevu kuliko aliyeusomea, kwa maana waliupokea wakiwa hawana cha kulipa.

Zoezi: Wiki hii mtu akitaka kukulipia nauli, kubali. Sema asante. Usimrudishie kwa simu kabla hata hujashuka.

Hatua ya sita: Pumzika Makadara, ule kwa kadogo

Makadara ni neno la kale la Kiswahili. Ni uwezo wa Mungu na yale aliyoyakadiria. Hapa tunaketi kidogo, maana kutumaini hakufanywi kwa haraka.

Mwana Eastlands ana elimu moja ya imani ambayo mwenye ghala hana: anajua kuishi kwa kadogo. Mafuta ya kupima, sukari iliyofungwa kwenye karatasi, tokeni ya stima ya shilingi hamsini, kabichi nusu. Tunadhani ni aibu ya umaskini, na kweli umaskini unauma; hakuna anayepaswa kuupamba. Lakini Mungu alipowalisha Waisraeli jangwani, aliwalisha kwa kadogo. Mana ilitosha siku moja. Aliyejaribu kuweka akiba hadi asubuhi aliikuta imeoza na kuingia funza. Siku ya sita tu ndiyo waliokota ya siku mbili, ili wapumzike ya saba. Miaka 40 taifa zima liliamka bila akiba jikoni, na halikufa njaa. Yesu alipofundisha kuomba, aliomba mkate wa siku.

Kutumaini basi si kulala. Mana ilitaka kuokotwa asubuhi, jua likipanda iliyeyuka. Mama mboga anayedamka saa kumi usiku kwenda soko la Marikiti anamtumaini Mungu kwa miguu yake. Anachokataa ni kubeba leo hofu ya Alhamisi ijayo.

Na kama kibali chako kinachelewa kuonekana, mkumbuke Yusufu. Biblia inasema Bwana alimpa kibali machoni pa mkuu wa gereza. Soma taratibu: kibali alikipata, na gerezani akabaki. Hata baada ya kumfasiria mnyweshaji wa Farao ndoto, alisahaulika miaka miwili mizima. Kibali hakikumfungulia mlango siku ile. Kilikaa naye ndani hadi mlango ulipofunguliwa. Mpewa hapokonyeki, walisema wahenga. Vyote vingine Yusufu alipokonywa, kuanzia kanzu yake. Hicho hakikuchukulika.

Hatua ya saba: Huruma, punguza sauti

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka mtaa wa Huruma. Lilikuwa tayari limeorodheshwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa, na bado watu walikuwa wakilipa kodi ndani yake. Takriban watu 50 walikufa. Baada ya zaidi ya siku tatu, waokoaji walimtoa mtoto mchanga akiwa hai. Siku ya sita walimtoa mwanamke mjamzito akiwa hai.

Tulishangilia, na ilifaa tushangilie. Lakini hapa ndipo neno kibali linapoweza kuwa jiwe. Wale 50 walikuwa na Biblia zao. Walikuwa na vyama, madeni, watoto, nyimbo walizozipenda. Ukisimama juu ya kifusi ukasema Mungu alikupenda ndiyo maana ulinusurika, umewaambia jamaa zao jambo ambalo Mungu mwenyewe hakulisema. Yesu aliletewa habari za msiba wa aina hiyo. Akawakumbusha waliokuwapo habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akauliza kama wao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Jibu lake lilikuwa hapana.

Kwa hiyo ukifika Huruma, fuata masharti. Usimweleze mfiwa kwa nini. Usilinganishe msiba wake na wako. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo wiki waliyomfaa. Waliharibu walipoanza kufafanua. Kumbuka pia yale maneno matatu ya Mariamu. Kuna watu ambao bado wako kwenye "uliza", na huenda wakakaa hapo miaka. Usiwasukume waimbe. Kaa nao, chemsha chai, na ukirudi mtaani kwako tazama nyufa za jengo unaloishi, uzipigie kelele kwa wahusika. Maombi ya ulinzi na ukaguzi wa nguzo ni ndugu wa tumbo moja.

Hatua ya nane: Maliza Dandora, ujenge

Dandora haina jina la mahubiri, lakini ina mfano unaotosha. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikopesha fedha za mradi wa makazi huko: ploti 6,000 kwa watu wa kipato kidogo. Hawakukabidhiwa majumba. Aliyepata ploti alikuta choo, mahali pa kuogea, maji na mfereji wa maji taka. Vyumba vilivyobaki alitakiwa avijenge mwenyewe. Watu walijenga. Wengine walianza na kimoja, wakaongeza cha pili, wakapangisha cha tatu, na familia zisizo na ploti zikapata pa kulala.

Sijaona picha iliyo karibu zaidi na neema. Bomba hukulivuta wewe; ulilikuta. Huwezi kuringia maji uliyoyakuta. Lakini bomba lililosimama peke yake kwenye ploti tupu si nyumba, na aliyepewa ploti akaishia kuzungusha ukuta na kuweka geti hajaelewa kwa nini alipewa. Unyenyekevu ni kukumbuka nani alivuta maji. Kutumaini ni kuanza chumba cha kwanza ukiwa na mifuko miwili ya saruji. Na kila chumba unachoongeza, uwe umeshafikiria nani ataishi humo.

Jioni ya Jumuiya Ndogo Ndogo utaliona hilo. Mwenye nyumba wa zamu ana viti vinne. Wageni ni kumi na wanane. Hakuna anayefadhaika: kiti kimoja kinatoka kwa huyu, benchi linatoka kwa yule, kreti inapinduliwa, mto unawekwa sakafuni. Watu wanaomba, wanakunywa chai, kisha viti vinarudi kwa wenyewe. Hakuna aliyeviandika jina, na hakuna aliyesimama usiku ule.

Safari imekwisha, miguu inauma. Rudi nyumbani, ufanye mambo mawili. Kibali cha kanjo kiache ukutani, kwa sababu kanjo atakuja. Kibali cha Mungu kitoe nje, kwa sababu jirani ameshafika mlangoni.